Paka hali, kuku hawatagi, mchicha umekauka: kutafuta chanzo mkiwa wawili

Mkifuga mke na mume, kila tatizo lina maswali mawili. La kwanza ndilo analouliza afisa mifugo: huyu mnyama ana nini? La pili yeye hawezi kulijibu, maana haishi kwenu: nani kampa nini, saa ngapi, na mwenzake alijua? Kwa nyumba ninazozifahamu hapa Mtwara, kuanzia Magomeni mpaka Mikindani, hilo la pili ndilo la kuanza nalo. Halina gharama, na mara nyingi linamaliza kazi kabla hamjafika duka la dawa za mifugo.

Nimeandika kwa ajili ya watu wawili wenye kuku wachache uani, paka ndani, na matuta kadhaa ya mboga nyuma ya nyumba. Nimefuata dalili, kwa sababu kuku haji na jina la ugonjwa wake.

Kuku wameacha kutaga

Hili ndilo linaloleta maneno mengi zaidi ndani ya nyumba, kwa hiyo tulichambue taratibu.

Angalieni kwanza matetea wako kwenye hatua gani. Tetea wa kienyeji hutaga mayai kama 10 hadi 15, halafu anaatamia siku 21, halafu anatembea na vifaranga wiki kadhaa. Muda wote huo hatagi. Mwenye matetea wanne, wawili wakiatamia na mmoja akilea, asitegemee zaidi ya yai moja kwa siku, na siku nyingine hata hilo hakuna. Huo si ugonjwa. Kama mnataka mayai ya kula kuliko vifaranga, mtoeni tetea kwenye kiota mapema, mtengeni sehemu yenye mwanga na hewa bila kiota kwa siku chache, akiwa na maji na chakula. Hamu ya kuatamia itamwisha. Lakini mkubaliane kwanza! Kuna nyumba mume anamtoa tetea asubuhi, mke anamwonea huruma mchana anamrudisha, na tetea anakaa hivyo mwezi mzima, hatagi wala haangui.

Pili, mayai yanaweza kuwepo na yasionekane. Mkikomba kiota chote kila siku, tetea anahama. Atataga chini ya mkorosho, ndani ya rundo la makuti, nyuma ya pipa la maji. Acheni yai moja kiotani, lichoreni alama kwa mkaa ili asije mtu akalikaanga likiwa na wiki tatu. Na ulizaneni nani anaokota. Mama akitoa mayai saa nne asubuhi kwa ajili ya chapati, baba akirudi jioni anakuta kiota kitupu na kutangaza kwamba kuku wana tatizo.

Tatu ni chakula, na hapa ndipo kulisha wawili kunapoharibu mambo bila mtu kuona. Asubuhi mmoja anamwaga pumba. Mchana mwingine anakuna nazi na kuwatupia machicha. Jioni ukoko wa ugali. Kila mmoja anaona amewalisha vizuri, na kweli wameshiba, ila wameshiba wanga na mafuta. Tetea aliyenenepa namna hiyo hutaga kidogo au huacha kabisa. Anachokosa ni protini: dagaa waliosagwa, mashudu, mchwa, au nafasi ya kuchakura wadudu mwenyewe. Mpapaseni chini ya tumbo. Mkikuta mafuta mengi laini badala ya nyama na mfupa, mmepata jibu. Machicha punguzeni, na yaliyolala msiwape. Kwa joto letu yanachacha haraka.

Nne, maji. Kuku anayetaga anahitaji kama robo lita kwa siku, na zaidi kukiwa na joto. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kabla mvua hazijaanza, chombo kilichojazwa asubuhi kinaweza kuwa kikavu saa saba mchana, au kikawa na maji ya moto ambayo kuku hayataki. Kila mmoja anajua mwenzake kajaza. Siku moja ya kiu kali inatosha kupunguza mayai kwa siku kadhaa zinazofuata.

Tano, kunyonyoka manyoya. Kuku anayebadilisha manyoya husimama kutaga wiki kadhaa. Mwacheni, mwongezeeni protini.

Mtasikia pia ushauri wa kuwasha taa bandani ili kuongeza saa za mwanga. Ushauri huo una maana kubwa zaidi Ulaya, ambako mchana wa baridi ni mfupi mno. Sisi tuko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Mchana wa Juni na ule wa Desemba vinapishana kwa takriban saa moja tu. Kwa kuku wachache wa uani, umeme huo tumieni kwa kazi nyingine.

Kipimo changu kwa yote haya: kwa wiki moja, mtu mmoja tu alishe na mtu mmoja tu aokote mayai. Si lazima awe yule yule. Kama hesabu inapanda, tatizo lilikuwa mpangilio. Kama haipandi na kuku wamezubaa, mkimbilieni mtaalamu.

Mayai yakitoka na ganda laini au jembamba, wanakosa chokaa. Hapa pwani dawa ipo bure: okoteni makombe, yaosheni chumvi itoke, yatwangeni, wekeni kwenye chombo chake pembeni, na wao watakula kwa kiasi wanachohitaji. Maganda ya mayai nayo yanafaa, ila yasagwe yasitambulike. Kuku aliyezoea kuona vipande vya ganda la yai kwenye chakula anaweza kujifunza kulipasua zima.

Vifaranga wanakufa mmoja mmoja

Angalieni kinyesi kwanza. Chenye damu, kwa vifaranga wa wiki tatu na kuendelea, wanaojikunyata na kulegeza mabawa, ni dalili ya koksidia, ugonjwa wa utumbo unaoletwa na vimelea. Chanzo chake kikubwa ni unyevu: chombo cha maji kinachomwagika, sakafu isiyobadilishwa matandiko. Dawa ipo madukani, amproliamu ndiyo ya kawaida, na hutiwa kwenye maji kwa kipimo kilichoandikwa. Sasa sikilizeni: mmoja akitia dawa asubuhi, mwingine asimwage na kuweka maji safi mchana kwa nia njema, wala asitie dawa mara ya pili. Andikeni kwa chaki ukutani, juu ya banda.

Kama hakuna damu lakini vifaranga wanakunywa maji kupita kiasi, wanaharisha majimaji na kufa ghafla, ulizeni nani alipika ng'onda, yaani samaki wa chumvi waliokaushwa. Maji yaliyolowekea ng'onda yakichanganywa kwenye pumba, au mabaki yake yakitupwa uani, chumvi inaua vifaranga. Kuku mkubwa anaweza kuhimili kidogo, kifaranga hawezi. Hili sijaliona limeandikwa sana kwenye vipeperushi vya ufugaji, labda kwa sababu wanaoviandika hawali ng'onda.

Tatu ni ukungu. Pumba au karanga zilizoota ukungu zina sumu isiyoondoka kwa kuzianika tena. "Tuwape kuku tu" ndiyo kauli inayotangulia vifo vya namna hiyo. Zifukieni.

Kuku wengi wanaugua kwa pamoja

Kinyesi cha kijani, kupumua kwa shida, shingo kupinda, mabawa kuanguka, halafu vifo mfululizo ndani ya siku chache: huo ni mdondo, wengine wanauita kideri. Hauna dawa. Mwarobaini, pilipili, shubiri, antibayotiki, vyote mtapoteza muda navyo. Wagonjwa watengwe, waliokufa wafukiwe au wachomwe (wasiuzwe, wasigawiwe majirani), na afisa mifugo wa kata ajulishwe.

Kinga yake ni rahisi hadi inakera kuona watu wanapoteza banda zima. Chanjo ya I-2 inayovumilia joto, ambayo hutengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, hutolewa kwa tone moja kwenye jicho moja, kwa kuku wa umri wowote, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka, kwa hiyo kuchanja banda jirani likishaanza kuteketea ni kuchelewa. Chupa moja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja. Chukueni na majirani mchangie, mchanje siku moja mtaa mzima.

Nyumba ya watu wawili inakwama kwenye hiyo miezi mitatu. Mume anasema "si ulichanja wewe juzi?" Mke anajibu hiyo juzi ilikuwa kabla ya Ramadhani. Chagueni miezi minne ya mwaka, kwa mfano Januari, Aprili, Julai na Oktoba, muiandike nyuma ya mlango wa jikoni, na kila tarehe iwe na jina la mtu. Tarehe isiyo na jina la mtu haina mwenyewe.

Macho yamevimba au yanatoa machozi

Vinundu na magamba kwenye upanga, kope na pembe za mdomo ni ndui ya kuku. Huenezwa na mbu, na ina chanjo yake inayochomwa kwenye bawa. Kuku akiwa tayari anaumwa, safisheni vidonda na mhakikishe anaona chakula, wengi hupona.

Vidoa vyeusi vilivyong'ang'ania kuzunguka macho, ambavyo havitoki hata ukipangusa, ni viroboto. Pakeni mafuta ya kula au mafuta mazito ya mgando juu yao wafe kwa kukosa hewa, na mfagie banda, kwa sababu watoto wao wako kwenye vumbi la chini.

Kuna chanzo cha tatu ambacho ni cha kwetu kusini. Katikati ya mwaka, msimu wa kupulizia mikorosho salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), kuku wa nyumba zilizo kando ya mashamba hutoa machozi na kukohoa, na hata watu hukohoa. Vumbi la salfa linawasha macho na koo. Kama dalili zilianza siku ya kupulizia, wafungieni upande wa pili wa upepo na mbadilishe maji ya kunywa, halafu subirini siku mbili kabla ya kununua dawa. Na mwenye kurudi shambani na nguo za kupulizia asizitundike juu ya banda. Sisitizo jingine: dawa za mikorosho zisipakwe kuku kuua chawa. Zipo za maji zenye sumu kali, na kwenye galoni lisilo na lebo hamna anayejua ni ipi. Kwa chawa, kuku atosheke na shimo la mchanga mkavu uliochanganywa na majivu.

Idadi inapungua kila asubuhi

Banda lilifungwa na nani? Hapa hakuna haja ya utafiti mrefu. Kama mfungaji ni yule anayecheza bao mpaka saa mbili usiku, kazi hiyo apewe aliyeko nyumbani jua linapozama. Kuku wote wakishaingia ndiyo saa yake, hata kama mchezo haujaisha.

Kama mlango ulifungwa, someni alama. Manyoya yametapakaa mchana uani: mwewe. Mayai yametoweka na vifaranga wadogo pia, banda lina upenyo chini: kenge au nyoka. Kuku kadhaa wameuawa usiku mmoja na wengine hawakuliwa: kicheche au jamaa zake, zibeni kila tundu linalopitisha ngumi. Hakuna manyoya, hakuna damu, hakuna sauti iliyosikika, na jogoo mkubwa ndiye hayupo: huyo ana miguu miwili.

Paka hali chakula

Mara tisa kati ya kumi, namnukuu fundi cherehani mmoja jirani yetu mwenye paka watano, "paka asiyekula kwako anakula kwa mwenzako." Mke kampa vichwa vya samaki alfajiri baada ya kutoka feri, mume kampa tena saa tatu, mtoto kamtupia kipande mchana. Jioni paka ananusa sahani na kuondoka, na nyumba nzima inaingia wasiwasi. Mpapaseni mbavu: zikishikika kwa urahisi bila kuonekana, yuko sawa. Msipozipata kabisa, amenenepa na anadanganya watu wawili kwa wakati mmoja.

Lakini paka aliyekaa siku mbili bila kula chochote popote, hilo ni jambo la daktari wa mifugo, hasa kama alikuwa mnene. Ini lake huathirika haraka.

Sasa vyakula. Pwani tunaamini samaki mbichi ndiyo haki ya paka. Si kweli kwa kila siku. Baadhi ya samaki, wakiwemo wa jamii ya dagaa, wakiliwa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka anayelishwa hao tu kwa wiki nyingi huanza kukosa hamu, kichwa kinainama, anayumba, na mwisho anapata degedege. Kuchemsha kunakiharibu hicho kimeng'enya, basi chemsheni, bila chumvi, na siku nyingine mpeni utumbo wa kuku au nyama uliopikwa. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wakubwa wengi; akiharisha, acheni maziwa kwanza kabla ya kutafuta minyoo.

Vitu vya kumkataza kabisa ni mchuzi wenye vitunguu na vitunguu saumu, ambavyo huharibu damu yake, na paracetamoli. Kidonge kimoja cha binadamu kinaweza kumuua. Aliyemwona paka anatetemeka usiku akamsagia kidonge kwa huruma anapaswa kumwambia mwenzake na daktari mara moja, bila kusubiri kuona kitakachotokea. Vivyo hivyo dawa za viroboto za mbwa: nyingi zina permethrini, ambayo mbwa anaihimili na paka haihimili.

Paka anakojoa ndani

Dume ambaye hajahasiwa, akifika miezi sita hivi, huanza kunyunyiza mkojo ukutani na kwenye milango. Msimpige, haelewi. Kumhasi hupunguza tabia hiyo kwa sehemu kubwa, na pia anaacha kurudi na masikio yaliyochanika.

Kama amehasiwa, au ni jike, angalieni mahali pake pa haja. Sanduku la mchanga ambalo kila mmoja anangoja mwenzake alisafishe litakimbiwa na paka kabla hamjaelewana. Mchanga wa pwani upo wa kutosha hapa, hakuna kisingizio.

Tofauti na hayo yote: dume anayechuchumaa mara kwa mara, analia, na hakitoki kitu au linatoka tone. Njia ya mkojo imeziba, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Msiseme "tuone kesho".

Paka amekula kifaranga

Hapa msipoteze muda kubishana tabia ya nani inamharibu. Paka anawinda, kifaranga analia na kukimbia. Vifaranga wakae kwenye tenga au banda lenye wavu mpaka wakaribie ukubwa wa njiwa. Tetea mkali mwenyewe humfundisha paka adabu, nimeona, ila si kila tetea ni mkali. Kumnyima paka chakula ili "akamate panya" kunaongeza hatari kwa vifaranga. Paka aliyeshiba bado anakamata panya.

Mboga zinanyauka

Udongo wetu wa kichanga haushiki maji, kwa hiyo mchicha unaweza kunyauka saa nane na kusimama tena jioni. Huo ni joto tu. Ukiwa umenyauka hata alfajiri, chimbeni kidole ardhini. Pakavu: hakuna aliyemwagilia. Pamelowa kabisa na majani ya chini yana njano: mmemwagilia wote wawili. Kingo za majani zimeungua kahawia: ama maji ya kisima yana chumvi (yaonjeni), ama mmoja ametia samadi mbichi ya kuku. Samadi hiyo ni kali. Iozeshwe miezi miwili au mitatu kwanza. Na kama mmoja alitia samadi na mwenzake akaongeza urea wiki hiyo hiyo, mwagilieni kwa wingi mara moja na muombe.

Mnyama amemng'ata mtu

Paka au mbwa, hata wa kwenu, hata kama mlikuwa mnacheza. Osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo mkaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Msifunge kwa majani, msipake kahawa. Paka wenu na mbwa wenu wachanjwe kila mwaka kuanzia umri wa miezi mitatu. Septemba, kuelekea maadhimisho ya siku ya kichaa cha mbwa duniani tarehe 28, mara nyingi huwa na kampeni, kwa hiyo sikilizeni matangazo ya mtaa.

Jogoo anawika saa nane usiku na mmoja wenu halali

Angalieni kama taa ya nje inamulika bandani. Hamisheni taa au zibeni upande huo kwa kiroba, giza likolee. Mkiwa na majogoo wawili kwa matetea wasiofika kumi, wanashindana. Mmoja anatosha kabisa. Wa kuondoka achaguliwe na yule asiyelala, na wali wa nazi upikwe na yule aliyekuwa akimtetea.